Friji ya Mama Inauma

Mama alinipigia simu kuniambia kwamba friji inauma. Hakusema inapiga shoti. Alisema inauma, kama mtu anavyomsema mbwa wa jirani, na akaongeza kwamba ameshaichomoa kwenye umeme na sasa imekaa pale kama kabati. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka darasani, mikono imejaa chaki, na badala ya kumuuliza kama ameumia nilijikuta namuuliza wifi anasemaje. Siku zile hakuna jambo lililotoka kwa mama bila kupitia kwanza kwa wifi yangu, na nilikuwa nimechoka kuwa wa pili kusikia. Mama akanijibu bila hatia yoyote kwamba wifi ndiye aliyemwambia anipigie.

Mama anaishi Igalula, mwendo mfupi kutoka stesheni, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba. Mimi ninaishi Tabora mjini, Mtendeni, na ninafundisha Sayansi na Teknolojia katika shule ya msingi. Mama ana ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano inatakiwa kukaa kwenye ubaridi, kwa hiyo umeme ulipofika kijijini jambo la kwanza tulilofanya mimi na mdogo wangu ni kumpelekea friji. Mdogo wangu ni dereva wa malori, maisha yake yako barabarani. Mkewe ndiye anayekaa na mama. Anamchoma sindano, anampikia, anamsindikiza hadi mlango wa kanisa letu la Moravian ingawa yeye mwenyewe ni Mkatoliki, mtu wa Ulyankulu, wa familia zilizotoka Burundi zamani. Wakati wa posa mama alikuwa hamtaki kabisa. Mimi ndiye niliyembembeleza. Ningejua kwamba atakuja kumkubali kiasi kile, ningebembeleza kidogo tu.

Niseme wazi kwamba nilimwonea wivu. Si kwamba alikuwa na kosa. Angekuwa na kosa ningepumzika. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, na kicheko chake kilijaza ua mzima. Kila nilipofika alinipokea mzigo na kuniambia, "Shikamoo wifi, umekuja kunikagua?" kwa ule utani wa mawifi, nami nilicheka huku nikijua kwamba ndiyo, nimekuja kumkagua. Kilichonichoma zaidi ni kwamba mama alimwita mayu. Kwetu Wanyamwezi mayu ni mama, na mtu mzima humwita hivyo binti anayempenda. Utotoni mayu nilikuwa mimi. Nilipokwenda chuo cha ualimu na kurudi na cheti, mama akaanza kuniita mwalimu, na watu wakadhani nimepandishwa cheo.

Basi Jumamosi nikapanda basi la Igalula. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao kwetu kila kitu kina kiu. Udongo ule wa kichanga, ambao wazee wanasema misafara ya zamani iliukanyaga ikija Unyanyembe kutoka pwani, ulikuwa mkavu kama unga, na hewa ilikauka hadi nguo za nailoni zililia mtu alipozivua. Wifi alikuwa amefukia dawa za mama kwenye mtungi wenye mchanga mbichi, pembeni ya jiko, akiubadilishia maji asubuhi na jioni. Ilisaidia, sitaki kumnyima haki yake, lakini muuguzi wa zahanati alishaonya kwamba joto la Oktoba si la kuaminiwa, na dawa iliyopata joto ni sawa na kujichoma maji. Kwa hiyo lilikuwa jambo la uhai. Lakini nikisema hilo pekee ndilo lililonipandisha basi nitakuwa nadanganya. Mama alikuwa amepata shida ambayo kicheko cha wifi hakikuweza kuitatua, na shida hiyo ilikuwa somo langu mimi.

Nilikuwa nimemwita fundi kutoka Isikizya, akawahi kufika kabla yangu. Alipima, akafungua soketi, akazunguka nyuma ya nyumba. Alisema friji ni nzima. Friji nyingi huvujisha umeme kidogo kwenye bati lake la nje, na umeme huo unatakiwa uteremke kwa waya wa ethi hadi kwenye nondo ya shaba iliyopigwa ardhini, upotelee huko. Nondo ya mama ilikuwa fupi na udongo ulikuwa mkavu mno, kwa hiyo umeme haukuwa na pa kushukia, ukamngoja mtu. Mama alipoishika friji, miguu mitupu kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki, njia ikawa yeye. Fundi aliahidi kurudi na nondo ndefu akiipata. Mpaka hapo, alisema, kila asubuhi mmwagie maji pale chini ya nondo, udongo ukiwa na unyevu umeme utashuka. Nilimshukuru nikamwambia kwamba maelezo mengine niachie mimi.

Nilimkalisha mama barazani. Wifi alikaa kwenye mlango wa jiko akimenya karanga, nusu amenipa mgongo, na mimi nikafanya kana kwamba hayupo. Nilitoa kitana cha plastiki na vipande vya karatasi, vile vile ninavyofanya na Darasa la Sita. Nikamwambia mama kwamba kila kitu duniani kina chaji ndani yake, chanya na hasi, na zikiwa sawasawa zinatulia, hakuna anayezisikia. Lakini ukisugua kitu kimoja kwa kingine, chaji hasi zinahama, huku zinazidi na kule zinapungua, na hapo ndipo purukushani inapoanza, kwa sababu zilizo tofauti zinavutana na zinazofanana zinasukumana. Nikamchana mama nywele kwa nguvu, nikasogeza kitana kwenye karatasi. Karatasi zikalala tu pale pale.

Nilijua kosa liko wapi. Mama alikuwa amejipaka mafuta ya karanga kichwani, na kitana kilitoka kinang'aa kama samaki wa kukaanga. Nilikifuta kwenye kanga, nikajaribu kwenye nywele zangu, nazo zina mafuta vile vile. Wifi akageuka akasema pole pole, "Jaribu kwenye kilemba changu, wifi, hiki kinanirushiaga cheche nikikivua." Kilikuwa kilemba cha nailoni, cha rangi ya zambarau. Akakivua, akasugua kitana mwenyewe mara mbili tatu, akakisogeza. Karatasi zikaruka kabla hakijazigusa, zikaning'inia kwenye meno ya kitana, na mama akapiga makofi. Mkoba mzima wa zana za kufundishia nilioubeba toka Mtendeni, na hata chaji ikaamua kumtii yeye.

Nilikazana. Nikamwambia mama aangalie vizuri: karatasi zimeruka kabla ya kuguswa. Kitu chenye chaji kinageuza nafasi yote inayokizunguka, na nafasi hiyo vitabuni tunaiita uga. Huioni, lakini ukiingia ndani yake inakuvuta au inakusukuma, utake usitake. Nilipokuwa nasema hayo mama alikuwa ameegemea upande wa mlango wa jiko. Sidhani kama alijua. Alikuwa amejitenga nami, nafasi nzima kati yetu, akaegemea kule kwa wifi.

Nikaingia kwenye vipitishi na vihami. Mpira, plastiki, mbao kavu, nta ya nyuki, hivi ni vihami, chaji haitembei ndani yake. Ndiyo maana mama akivaa kandambili friji haimuumi. Hapo mama akanikatiza kwamba hawezi kutembea na viatu ndani ya nyumba yake mwenyewe kama anapita sokoni. Nikaliacha. Chuma, shaba, maji yenye chumvi, udongo wenye unyevu, mwili wa mtu, hivi ni vipitishi. Nilitafuta kipande cha shaba cha kumwonyesha, nikakumbuka bangili ya bibi, mama yake mama. Ni waya mnene wa shaba uliozungushwa, wa aina ile ambayo Wanyamwezi waliibeba mabegani toka pwani enzi za misafara, na mama huiweka kwenye sanduku chini ya nguo za kanisani. Nikaenda kuichukua bila kuuliza, maana sanduku lile nililijua tangu mtoto. Nikampeleka mama nyuma ya nyumba, nikashika bangili kwa mkono mmoja na nondo kwa mkono mwingine. Nikamwambia, unaona, ni shaba ile ile, kazi yake ni kupitisha, na hapa chini ndipo utakapomwagia maji kila asubuhi. Nikachota kwa kata ya kibuyu nikamwaga mbele yake ili aone kiasi.

Alichukua bangili mikononi mwangu, akaifuta kwa pindo la kanga, akaenda kuirudisha sandukuni. Nilidhani ameelewa. Friji ikawashwa, mama akaigusa kwa kidole, haikuuma, na mimi nikarudi Tabora nikiwa nimekaa dirishani na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Juma lililofuata nikapiga simu na kusikia mtungi umerudi kazini. Friji imeanza tena kuuma, mama amechomoa. Nikamuuliza kama anamwagia maji. Akasema anamwagia. Nikamuuliza kila siku? Akasema nyanya za mwaka huu hazijambo. Nikampigia mdogo wangu huko alikokuwa, akacheka akaniambia nizungumze na mkewe, yeye ndiye anayemjua mama. Nilikata simu kabla sijamjibu kitu ambacho dada hapaswi kumwambia mdogo wake.

Nilikwenda tena. Nilipitia moja kwa moja nyuma ya nyumba hata kabla ya kusalimia, na udongo chini ya nondo ulikuwa mkavu, hauna hata alama ya kata. Mama alitoka akasema amesahau. Mama yangu hasahau siku ya kuzaliwa ya mjukuu wa jirani. Nilikasirika, nikachota ndoo nzima kisimani nikaimwaga pale kwa mkupuo mmoja, huku nikirudia somo lote kwa sauti ya darasani, chaji, kipitishi, unyevu, ardhi. Akina mama wawili wa kanisani waliokuwa wanapita na majembe walisimama kidogo kwenye uchochoro, wakatuangalia, wakaendelea na safari. Mama aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea. Kisha akasema anaumwa kichwa, akaingia kulala. Wifi alisimama tu mlangoni na ungo wake akinitazama, na katika macho yake niliona huruma. Sikumsamehe huruma ile kwa muda mrefu.

Niliporudi mara ya tatu ilikuwa Novemba, mawingu yanajikusanya lakini mvua bado. Nilisikia sauti za watu ndani kabla sijafika mlangoni. Mama alikuwa na wageni, wale wale akina mama wa majembe, wamekaa sebuleni na vikombe vya chai, na harufu ya mchaichai imejaa nyumba nzima. Friji ilikuwa inaunguruma. Mama alikuwa amesimama mbele yake miguu mitupu, kiganja chote amekibandika kwenye mlango wake, anawafundisha.

Aliwaambia kwamba kila kitu kina chaji, na zikilingana zinatulia. Aliwaambia umeme unatafuta pa kushukia, ukikosa unakungoja wewe. Aliwaambia kuhusu mpira na nta, na kuhusu udongo wenye unyevu. Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno, hata ule mkono ninaouzungusha hewani nikieleza uga aliuzungusha vile vile. Nilisimama kizingitini nikiwa nimevimba kwa fahari. Ndipo mmoja wao akauliza haya yote ameyajulia wapi, na mama akasema kwa raha zake zote, "Mkamwana wangu ndiye aliyenielewesha."

Nilipita nyuma kama mtu anayetafuta choo. Pale kwenye nondo palikuwa pamebadilika. Mashina ya mchaichai yalikuwa yamepandwa kuizunguka, yameshika vizuri, marefu kufikia goti, na udongo wake ulikuwa mweusi kwa maji ya asubuhi. Nondo yenyewe hukuiona mpaka utenganishe majani. Wifi alikuwa pale anakata majani ya chai ya pili. Nilimuuliza haya ni ya nani. Akasema ya mama, anayamwagilia mwenyewe kila alfajiri, hataki mtu mwingine aiguse kata.

Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba mimi nilimwomba mama kitu hicho hicho akakataa. Wifi aliendelea kukata majani. Nilimwona anapima kama aseme. Mwishowe aliweka kisu chini akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ile asubuhi ya kwanza, nilipokwisha kuondoka, mama alitoka na kata kama nilivyomwagiza. Alfajiri, peke yake, anamwaga maji chini ya kitu kilichosimama nyuma ya nyumba.

"Akaniambia maneno ya bibi yalimjia mdomoni," alisema wifi. "Yale ya kutambikia. Alikuwa mtoto akiyasikia, hajawahi kuyasema tangu abatizwe. Akasema, mayu, mkono wangu ulijua kazi. Alitetemeka mpaka nikamshika. Aliogopa akiendelea ataanza kuwaita wazee waliokufa."

Nilimkumbuka bibi kwa mbali, mzee mwembamba mwenye mikono ya waya, na kijumba kidogo cha nyasi nyuma ya nyumba yake ambacho sisi watoto tulikatazwa kukisogelea. Nilikumbuka bangili niliyoitoa sandukuni nikaishikilia pale pale, na ndoo niliyoimwaga mbele ya akina mama wa kanisani, wenye macho na midomo. Wifi akasema kwamba baada ya ndoo ile mama alikaa siku nzima bila kula, akingoja wazee wa kanisa waje kumhoji kama amerudi kwenye mizimu. Hawakuja. Yeye wifi akaenda kwa jirani kuomba miche ya mchaichai. Akamwambia mama, mtu akimwagilia mchaichai nani atamuuliza? Na akinywa chai yake na wageni nani atakuwa na wasiwasi naye? Kisha, jioni, wakimenya karanga, akamrudishia somo langu kidogo kidogo, kwa sababu alikuwa amelisikia lote siku ile mlangoni.

"Ulifundisha vizuri, wifi," akaniambia. "Mimi shule niliishia njiani, lakini nilielewa yote."

Ningependa kusema kwamba nilimkumbatia. Nilimshukuru, hilo nilifanya. Lakini shukrani haikuufukuza wivu, ulihama tu mahali. Mwanzo nilimwonea wivu kwa kuitwa mayu, kwa kilemba chake, kwa kicheko chake. Sasa nilimwonea wivu kwa jambo ambalo siwezi kulinunua mjini wala kulisomea: kwamba mama alipotetemeka, alitetemeka mikononi mwake. Nimezaliwa na mwanamke yule, na siri ya bibi yangu mwenyewe nimeipata kwa mtu wa Ulyankulu.

Wageni walipoondoka nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anasuuza vikombe. Nilimwambia kwamba wifi ameniambia. Hakushtuka, aliendelea kusuuza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mwanawe, nimekuja hadi hapa nikakaa naye barazani nikamuuliza kwa simu na kwa mdomo, akanijibu habari za nyanya.

Mama alifunika kikombe cha mwisho, akajifuta mikono, akanitazama.

"Ungeanza kunieleza, mayu," akasema.

Akaniacha hapo akaenda kuwafungia kuku. Nilikuwa sijaitwa jina hilo tangu chuo, na lilikuwa limekuja na sentensi ile.

Nilibaki na friji. Ndani yake, kwenye rafu ya mlango, visanduku vya dawa vilikuwa vimepangwa vizuri, baridi, salama, na hilo ndilo lililonileta, kwa hiyo nilipaswa kuridhika. Nilivua viatu vyangu vya mjini, nikamwagia maji kidogo sakafuni nilipokanyaga, kama mwalimu anayehakiki jaribio. Nikaweka kiganja chote kwenye mlango wa friji nikangoja. Nilikuwa naomba iniume, hata kidogo tu, ili nimwite mama na kumwambia kwamba bado pana kitu hakijakaa sawa, kitu ambacho ni mimi pekee ninayeweza kukirekebisha.

Haikuuma. Huko nje niliwasikia mama na wifi wakicheka na kuku.